Mtoto Anayekimbilia Kibandani Anatafuta Nini?



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo, wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo wazazi wengi hulidharau mpaka linapowafika mlangoni. Ni filamu za katuni kutoka Japani, zile za safari na maajabu, ambazo watoto wetu huzifuata kwa miguu yao wenyewe, hali madrasa tunawapeleka kwa kuwasukuma.

Nitaanza na barua ambayo sikuiandika.

Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Mabawe, wilayani Ngara, kilikuwa na ajenda nne. Tatu za kwanza zilihusu bati la upande wa wanawake, bomba la kutawadhia na hesabu za sadaka, nazo zilikwisha kabla chai haijapoa. Ya nne ilichukua saa nzima. Ustadhi wa madrasa alieleza kwamba tangu kibanda umiza kilipofunguliwa karibu na barabara, nusu ya mikeka yake hubaki mitupu baada ya swala ya Alasiri. Watoto hutoka majumbani wakiwa na juzuu mkononi. Wakifika njia panda, juzuu huingia chini ya shati na shilingi 200 hutoka mfukoni. Mzee wetu mmoja, ambaye kwetu heshima yake ni ya baba, akasema kwa uchungu kwamba watoto wa Kiislamu wamekaa gizani wakitazama mashetani ya Kijapani ilhali muadhini anawaita kwa jina la Mola wao. Pendekezo likatolewa na likaungwa mkono: iandikwe barua kwa serikali ya kijiji kuomba kibanda kile kifungwe. Mwenye kuandika barua ni katibu, na katibu ni mimi.

Niliomba jambo moja tu, nipewe wiki moja nikaone kwa macho yangu kile ninachokwenda kukishitaki. Dini yetu imetuamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuwahukumu watu, nami sikuwa nimewahi kuingia kibandani hata siku moja. Wazee walinitazama kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kilabuni, lakini waliridhia.

Nilikwenda siku ya Jumatano. Mlango ulikuwa turubai, na ndani yalikuwamo mabenchi ya mbao, televisheni moja, spika mbili na joto la watoto wengi mahali padogo. Nilitegemea kukuta kelele, nikakuta kimya. Filamu ilikuwa ya Kijapani, na juu ya sauti zake ilipita sauti ya msimulizi wa Kiswahili, yule tunayemwita DJ, akieleza kila mhusika anasema nini na kuongeza utani wake mwenyewe. Usimulizi wa namna hii si mgeni nchini. Wapenzi wa filamu za kutafsiriwa wanalijua jina la Lufufu, na ndugu zetu wa Uganda, ambao mkoa wetu wa Kagera unapakana nao, nao wanao wasimulizi wao mashuhuri. Kwa njia hiyo mtoto anayezungumza Kihangaza nyumbani na Kiswahili shuleni anafikiwa na Japani pasi na kujua neno moja la Kijapani.

Benchi la mbele alikaa mvulana wa miaka kama kumi ninayemfahamu vizuri. Analelewa na bibi yake. Katika daftari la madrasa jina lake lina alama nyingi za utoro, na mimi mwenyewe nimewahi kumkemea mbele ya wenzake. Filamu ilipokwisha alitoka nje akizungukwa na wadogo watano au sita, akawa anawasimulia upya yale waliyoyaona na kuwajazia sehemu walizokosa wale waliochelewa. Niliwafuata kwa nyuma. Aliponiona alinyamaza, akaficha mikono yake mgongoni.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, mwanangu. Endelea, na mimi nilichelewa kuingia."

Alinipima kwa macho kwa muda, kisha akaendelea, kwanza kwa woga, baadaye kwa raha. Kisa alichonisimulia ni hiki. Binti wa miaka kumi alikuwa safarini na wazazi wake. Walipotea njia, wakafika katika mji usio na mtu, wakakuta chakula kingi mezani. Wazazi wakakaa kula bila kuruhusiwa na mwenye chakula, wakala mpaka wakageuka kuwa nguruwe. Binti akabaki peke yake katika mji wa viumbe wa ajabu. Ili asiangamie na ili awaokoe wazazi wake, ilimlazimu aombe kazi katika nyumba kubwa ya kuogea, kwa mwanamke mchawi ambaye huwapokonya wafanyakazi wake majina yao. Anayelisahau jina lake harudi kwao tena. Binti akapewa jina jingine, akasugua sakafu, akabeba makaa, akakosea, akachekwa, akajifunza. Akatokea kiumbe asiye na uso akigawa dhahabu, na wafanyakazi wote wakaigombania. Alipomnyooshea binti, yeye akaikataa, kwa sababu haikuwa haja yake. Baadaye dhahabu ile ikageuka tope.

Mvulana huyu, ambaye tulikuwa tunaamini kwamba kichwa chake hakishiki kitu, aliyasimulia yote hayo kwa mpangilio bila kuruka tukio. Nikamuuliza ni kitu gani kinachompendeza zaidi humo. Nilidhani atataja mchawi au joka. Akafikiri, akasema, "Yule ana miaka kumi kama mimi, ustadhi, lakini wote wanamtegemea." Tulipokwenda hatua chache akaongeza kwa sauti ya chini, "Madrasa tunaambiwa tu tukae kimya."

Ndugu msomaji, usiku ule sikuweza kuiandika ile barua.

Filamu aliyonisimulia inajulikana duniani kwa jina la Spirited Away. Ilitoka Japani mwaka 2001 na kutwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin mwaka 2002, na mwaka 2003 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Mtungaji wake ni Hayao Miyazaki, aliyezaliwa mwaka 1941, ambaye utoto wake ulipita katika vita na mabomu. Studio aliyoianzisha na wenzake mwaka 1985 inaitwa Ghibli. Jina hilo Miyazaki, mpenzi mkubwa wa ndege, alilichukua kutoka ndege ya Kitaliano, na Wataliano nao walilichukua Libya, ambako Waarabu huuita hivyo upepo wa moto utokao jangwani. Asili ya neno hilo ni lile lile neno letu kibla. Sisemi hayo kwa maana kwamba jina linaitakasa kazi. Nayasema ili tukumbuke kwamba vitu tunavyoviita vya mbali mara nyingine vimepita kwetu kabla ya kufika huko.

Ukizitazama filamu za mtu huyu utaona jambo moja likijirudia, nalo ndilo alilolitaja yule mvulana kwa maneno yake machache. Katika Totoro ya mwaka 1988, mabinti wawili wamehamia kijijini na mama yao amelazwa hospitalini, na yule mkubwa anapika na kumlea mdogo wake. Katika filamu ya Kiki ya mwaka 1989, binti wa miaka 13 anaondoka kwao kwenda kujitegemea katika mji asioujua, anapata kazi ya kupeleka mizigo, anachoka, anakata tamaa, kisha anasimama tena. Maajabu ni mengi humo: paka wanaosema, mafagio yanayoruka na majumba yanayotembea. Lakini maajabu ni mapambo. Mtoto anavutwa kiti chake mbele kwa sababu anamwona mtoto mwenzake amekabidhiwa amana nzito na watu wakamwamini nayo.

Sasa tujiulize. Je, hizo hadithi za maajabu zenyewe ni haramu? Wapo wazee wanaoona kwamba kila kisichokuwepo ni uongo, na kila uongo ni dhambi. Naomba tukumbuke riwaya iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud. Mtume (s.a.w.) alirejea kutoka safari ya vita, upepo ukafunua pazia, wakaonekana wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na katikati yao farasi aliyetengenezewa mabawa mawili ya vipande vya nguo. Mtume akauliza ni nini kile, akashangaa farasi kuwa na mabawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.) waliokuwa na mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumpokonya farasi wake, wala hakumwambia kwamba jambo lile haliwezekani. Ni kweli kwamba wanazuoni wametofautiana sana kuhusu picha za viumbe wenye roho, na mwenye kujizuia nazo kwa ucha Mungu tusimdharau. Hata hivyo wapo wengi waliowaruhusia watoto vitu vya kuchezea na vya kujifunzia kwa kutegemea riwaya hiyo na mfano wake.

Na sisi Waswahili ni watu wa mwisho kustahili kuogopa hadithi ya ajabu. Babu zetu walikesha wakisikiliza tenzi za vita vya Masahaba zilizojaa majini na mazimwi. Baba zetu walisoma Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, wakasafiri na Sindbadi akichukuliwa na ndege mkubwa. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alitoa kitabu cha Kusadikika mwaka 1951, kuhusu nchi iliyo angani, na kijana Karama anayesimulia mbele ya wenye kumshitaki safari za wajumbe waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini. Miaka 35 baadaye, mwaka 1986, Miyazaki alitoa filamu ya ngome inayoelea angani. Hawakujuana, lakini kiu waliyoikata ni moja. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Wajapani kuchota katika kisima tulichochota sisi: kampuni ya Toei ilitengeneza katuni ya Sindbadi mwaka 1962. Nani basi aliyeziacha hadithi hizi zikae bila msimulizi? Jioni za Mabawe zilikuwa za moto wa jikoni, sungura, fisi na bibi asimuliaye. Siku hizi baba yuko na simu yake, mama amechoka, na hadithi imehamia kibandani kwa shilingi 200.

Pamoja na hayo, sitaki msomaji aelewe kwamba nimekuwa wakili wa kibanda. Madhara yapo, na baadhi yake ni makubwa kuliko wazee walivyoyataja.

La kwanza ni itikadi. Ile nyumba ya kuogea katika kisa cha yule binti ni ya kuwahudumia viumbe ambao Wajapani wa imani ya Kishinto huwatukuza, wakiitakidi kwamba mito, miti na milima ina roho za kuabudiwa. Mtu mzima hulipita jambo hilo kama pambo la kisa. Mtoto ambaye tauhidi yake bado ni changa anaweza kulibeba kama lilivyo, akaanza kuomba pale pasipoombwa. Tendo la kumwabudu asiyekuwa Allah halipungui uzito kwa kuwa limechorwa kwa rangi nzuri.

La pili ni kwamba neno "katuni" limetudanganya. Tunapolisikia tunadhani ni kitu cha watoto. Huko Japani katuni huchorwa kwa ajili ya watu wa rika zote, na nyingine ni za watu wazima kabisa, zenye uchi na maneno ambayo mwenye haya hawezi kuyasikiliza mbele ya mkwewe. Chukua mfano wa Demon Slayer, ambayo filamu yake ya mwaka 2020 iliipita Spirited Away kwa mapato ya kumbi za sinema huko Japani. Ndani yake yamo mapenzi ya ndugu na ushujaa, lakini imo pia damu nyingi na vichwa vinavyokatwa kwa panga. Wajapani wenyewe waliiwekea alama ya kutaka mtoto wa chini ya miaka 12 aitazame kwa uangalizi wa mzazi. Hapa kwetu ipo Bodi ya Filamu Tanzania yenye kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja ya umri. Lakini filamu inayokuja vijijini ndani ya flashi haina alama yoyote, na ndani ya kibanda hakuna mzazi. Mtoto wa miaka sita hukaa bega kwa bega na kijana wa miaka 20, na wote huonyeshwa kilekile.

La tatu ni wakati. Tukijalia kwamba filamu ni safi kutoka mwanzo hadi mwisho, ikila Alasiri na Magharibi ya mtoto imeshamdhuru.

Wenzetu Waarabu walifikwa na jambo hili kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 katuni ya Kijapani ya jitu la chuma liitwalo Grendizer ilitiwa sauti za Kiarabu huko Beirut, ikawateka watoto kutoka Kuwait mpaka Morocco. Baadaye mchezaji mpira wa Kijapani, Tsubasa, akageuzwa jina kuwa Kapteni Majid, na watoto wengi wa Kiarabu hawakujua kwamba asili yake si Mwarabu. Ilipoanza chaneli ya Spacetoon mwaka 2000, katuni zake nyingi zilipitia kituo kimoja cha Damascus ambako ziliwekewa Kiarabu fasaha na kuchujwa: pombe iliondolewa, mavazi na mazungumzo yasiyofaa yakakatwa au kubadilishwa. Mwaka 2021 wakapiga hatua nyingine. Kampuni ya Saudi Arabia, Manga Productions, ilishirikiana na ileile Toei ya Japani kutengeneza filamu ya Al-Rihla, kuhusu watu wa Makka walioikabili jeshi la Abraha na tembo wake, tukio ambalo kila mtoto wa madrasa amelihifadhi katika Suratul Fil. Binafsi ninayo maoni kuhusu filamu hiyo, kwa kuwa imewatia mashujaa wa kubuni ndani ya tukio la kweli, na mtoto anahitaji kuelezwa kipi kimo katika Qur'ani na kipi ni cha mtunzi. Lakini kuna somo: waliacha kulaani giza, wakawasha taa. Hata kwetu, Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, imeonyesha kwamba mtoto wa Kitanzania anaweza kufundishwa hesabu kwa katuni inayosema lugha yake.

Narudi Mabawe. Wiki ilipokwisha nilisimama mbele ya kamati bila barua. Niliwasimulia kisa cha yule binti kama nilivyosimuliwa. Nilipofika kwenye wazazi waliogeuka nguruwe kwa kula kisichokuwa chao, mzee aliyetoa malalamiko aliinua kichwa. Nilipofika kwenye dhahabu iliyokataliwa akasema, "Hiyo si qanaa hiyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu, na watoto wamefundishwa na mchoraji wa Japani kwa sababu sisi tulikuwa tunawafundisha kukaa kimya." Sikusema hivyo kumlaumu ustadhi, maana lawama ile ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake. Yule mvulana nimemjua miaka mitatu. Nilimkemea mara nyingi, lakini siku ile ya Jumatano ndiyo ya kwanza kumuuliza swali na kungoja jibu.

Tulijadiliana mpaka adhana ya Isha. Hatukukubaliana wote, na wawili bado wanaona kwamba kamati imelegea. Lakini tulipitisha mambo mawili.

La kwanza, tulimwendea kijana mwenye kibanda badala ya kwenda kumshitaki. Ni kijana wa hapa hapa, naye alitupokea kwa adabu. Alikubali kutoonyesha filamu kwa watoto kuanzia Alasiri hadi Magharibi, kutowaingiza watoto usiku, na kutenga filamu za damu na za uchi mbali na macho yao. Mwenyewe alisema hana njia ya kujua kilichomo mpaka aitazame yote, na huwa hana muda huo. Kwa hiyo wazazi wawili walijitolea kutazama pamoja naye filamu mpya kabla watoto hawajaziona.

La pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilihusu sisi wenyewe. Madrasa yetu sasa ina kipindi cha visa kila Alhamisi. Qur'ani imekiita kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kuwa katika simulizi zilizo bora, nasi tulikuwa tunakisomesha kama orodha ya maneno ya kuhifadhi. Wapo vijana wa pangoni waliolala miaka 309. Yupo Nabii Yunus (a.s.) katika tumbo la samaki, na Nabii Musa (a.s.) akimfuata Khidhr bila kuelewa anachokiona. Ni maajabu gani ya Japani yatakayoyashinda haya yakipata msimulizi? Na anayesimulia si ustadhi peke yake. Kila wiki mtoto mmoja hukabidhiwa kisa, hupewa siku sita za kujiandaa, kisha husimama mbele ya wenzake. Aidha, kila mtoto mkubwa amekabidhiwa wadogo wawili wa kuwafundisha alifu na be, naye ndiye anayeulizwa wasiposoma.

Yule mvulana alipewa watatu, maana aliomba mwenyewe kuongezewa. Kisa chake cha kwanza kilikuwa cha Nabii Yunus, na watoto walikaa kimya kile kile nilichokikuta kibandani. Bibi yake alisimama nje ya dirisha la msikiti mpaka mwisho. Aliponipita aliniambia, "Mwanangu, huyu nilidhani ameniharibikia."

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha. Wiki mbili baadaye mvulana huyo huyo alikosekana madrasa, na alikutwa amechungulia kwenye tundu la turubai, maana kijana wa kibanda naye alikuwa amevunja ahadi siku hiyo. Tulikwenda tena kuzungumza na kijana. Kuhusu mvulana, ustadhi hakumchapa wala hakumkemea. Alimwambia tu kwamba wadogo zake watatu walimngojea na hawakusoma siku ile. Mtoto alilia. Siku ya pili alifika kabla ya adhana.

Kwa wazazi wanaosoma safu hii nina ombi dogo. Mtoto wako akitazama katuni ya Kijapani, au ya nchi yoyote, kaa naye walau nusu saa. Usianze kwa kuizima. Tazama, kisha muulize mambo matatu: ni nani anayeombwa na kutegemewa humo, ni nani anayeumizwa na kwa haki gani, na wewe ungekuwa yule mtoto ungefanya nini? La kwanza litalinda tauhidi yake, la pili litalinda huruma yake, na la tatu litakuonyesha moyo wake. Ukiona lisilofaa, lizime na umweleze kwa nini. Ukiona lenye kheri, liunganishe na dini yake: jina ambalo binti yule alikatazwa kulisahau liunganishe na siku ya akika, ulipompa mwanao jina lake, na umweleze kwa nini ulimchagulia hilo. Kisha zima televisheni, umkabidhi jambo la kweli nyumbani, dogo kwa kadiri yake, na umwamini nalo. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga, na uchunga nao hufundishwa kwa kuanza na mbuzi mmoja.

Ile barua ya kufunga kibanda haijaandikwa. Karatasi niliyoitenga nimeitumia kuorodhesha majina ya watoto na visa walivyokabidhiwa. Imebandikwa ukutani madrasa, na kila Alhamisi wapo wanaofika mapema ili kuona kama zamu yao imekaribia.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.